Fahamu masomo ya uhasibu, kodi na sheria za biashara vyuo vikuu: Shahada pekee si leseni

Na Mwandishi Wetu

BARUA moja kutoka ofisi ya kodi inatosha kumkosesha usingizi mfanyabiashara. Tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya familia inayouza vifaa vya ujenzi katika eneo la Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Asubuhi moja inapokea makadirio ya kodi yanayozidi kwa mbali kile ilichotegemea kulipa. Barua ina kiasi, ina tarehe, na sheria inaipa kampuni siku 30 tu za kuwasilisha pingamizi.

Ndani ya siku hizo, kampuni inapaswa kujibu maswali matatu. Je, vitabu vyake vya hesabu vinaonyesha faida ya kweli? Je, faida hiyo ikipimwa kwa sheria ya kodi, ni kiasi gani kinachotakiwa kutozwa? Na je, pingamizi linawekwa wapi, kwa utaratibu gani na kwa ushahidi upi? Swali la kwanza ni la mhasibu, la pili ni la mtaalamu wa kodi na la tatu ni la mwanasheria. Lakini barua ni moja, na siku zinazohesabika ni zile zile.

Katika hali kama hiyo, familia humwita kijana wake aliyehitimu chuo kikuu. Ndugu, jamaa na majirani huamini kwamba aliyesoma uhasibu anajua kodi, na aliyesoma sheria anajua kila sheria. Mara nyingi kijana huyo hulazimika kueleza, kwa aibu kidogo, kwamba somo hilo alilipitia muhula mmoja tu, au kwamba hana kibali cha kuisemea kampuni mbele ya chombo chochote.

Makala haya yanaeleza masomo hayo matatu yanafundisha nini, yanapatikana katika vyuo gani hapa Tanzania, na jambo ambalo waombaji wengi hulifahamu wakiwa wamekwisha kuchelewa: shahada hufungua mlango wa taaluma, lakini leseni ya kuifanya taaluma hiyo hutolewa na vyombo vingine.

Yalikoanzia masomo haya

Kitivo cha kwanza cha elimu ya chuo kikuu nchini kilikuwa cha sheria. Kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Wakati huo chuo kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea.

Uhasibu ulikuja baadaye, tena kwa kusukumwa na mahitaji. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, benki na makampuni makubwa yalitaifishwa na mashirika ya umma yakaongezeka kwa kasi. Kila shirika lilihitaji mtu wa kutunza vitabu na mwingine wa kuvikagua, ilhali Watanzania wenye ujuzi huo walikuwa wachache mno.

Mwaka 1972 ndio uliojenga msingi. Katika mwaka huo ilitungwa sheria iliyoanzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), na nyingine iliyoanzisha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Mwaka huo huo, chuo cha Mzumbe mkoani Morogoro, kilichokuwa kimeanza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, kilifanywa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM). Kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianzisha kitivo cha biashara na menejimenti mwaka 1979, ambacho tangu mwaka 2008 kinafahamika kama Shule Kuu ya Biashara (UDBS).

Kodi kama fani inayosimama peke yake ilichelewa zaidi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kodi ya mapato ilitozwa kwa sheria ya pamoja ya Afrika Mashariki. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1973. Mageuzi makubwa yalikuja baada ya uchumi kufunguliwa: Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kazi Julai 1, 1996, Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ikaanza kutozwa Julai 1, 1998, na Sheria mpya ya Kodi ya Mapato ikaanza kutumika Julai 1, 2004. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya mwaka 1932, ilianza kutumika mwaka 2006.

Mfuatano huo wa tarehe una fundisho kwa mwanafunzi wa leo. Aliyehitimu mwaka 1997 akiwa na alama za juu katika kodi na sheria ya makampuni alikuta, chini ya miaka kumi baadaye, sheria alizokariri zimefutwa. Hata zilizofuata hazikudumu zote: Sheria ya VAT iliandikwa upya mwaka 2014, na mwaka 2015 ikaja Sheria ya Usimamizi wa Kodi. Zaidi ya hapo, kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha inayobadilisha viwango na masharti. Anayesoma kwa kukariri vifungu anasoma kitu kitakachooza mkononi mwake. Anayesoma kanuni zilizo nyuma ya vifungu anabaki na mtaji.

Uhasibu: Lugha ya fedha

Msingi wa somo la uhasibu una zaidi ya miaka 500. Mwaka 1494, mtawa na mwanahisabati wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu cha hisabati kilichoeleza namna wafanyabiashara wa mji huo walivyotunza vitabu vyao. Hakubuni utaratibu huo. Aliuandika tu ukaenea. Kanuni yake ni kwamba kila muamala huandikwa mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti. Duka letu la Kariakoo likimkopesha fundi mifuko ya saruji, deni la fundi huongezeka upande mmoja na mauzo huongezeka upande mwingine. Pande mbili zisipolingana katika urari, kuna kosa mahali fulani.

Mwaka wa kwanza wa shahada hushughulikia mambo hayo: jarida, leja, urari, hesabu ya faida na hasara, na mizania. Mwaka wa pili mwanafunzi huingia katika uhasibu wa gharama, uhasibu wa makampuni, takwimu, menejimenti ya fedha na uchumi. Mwaka wa tatu huhusu ukaguzi wa hesabu, uhasibu wa makundi ya makampuni, hesabu za serikali na mara nyingi utafiti mdogo. Shahada nyingi za uhasibu huchukua miaka 3.

Jambo lililobadilisha ufundishaji ni viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia rasmi Julai 1, 2004. Kabla ya hapo nchi ilikuwa na viwango vyake. Sasa mizania iliyoandaliwa Mwanza inatakiwa kusomeka na mwekezaji aliyeko Johannesburg au London bila kuhitaji mkalimani wa kanuni. Kwa kampuni ndogo na za kati, mwaka 2009 kilitolewa kiwango chepesi zaidi, kwa kuwa masharti ya kampuni zilizoorodheshwa katika masoko ya hisa yangezielemea bure.

Kodi: Faida mbili katika duka moja

Hapa ndipo wahitimu wengi hujikwaa. Faida iliyomo katika vitabu vya mhasibu si lazima iwe sawa na mapato yanayotozwa kodi. Zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kila moja kwa kanuni zake.

Turudi katika kampuni yetu. Tuseme mwaka huu imenunua lori dogo la kubebea tani 3 kwa Sh milioni 40. Mhasibu anakadiria kuwa lori litatumika miaka 5, hivyo anakata uchakavu wa Sh milioni 8 kwa mwaka. Baada ya gharama zote, ikiwamo faini ya Sh milioni 2 iliyolipwa serikalini kwa kuvunja sheria, vitabu vinaonyesha faida ya Sh milioni 30.

Mtaalamu wa kodi huanzia pale mhasibu alipoishia. Kwanza huurudisha uchakavu wa Sh milioni 8, kwa sababu sheria ya kodi haitambui makadirio ya mhasibu. Huirudisha pia faini ya Sh milioni 2, kwa kuwa adhabu ya kuvunja sheria haiwezi kupunguza kodi. Jumla inafikia Sh milioni 40. Kisha huondoa uchakavu unaoruhusiwa na Sheria ya Kodi ya Mapato, ambao kwa magari madogo ya mizigo ni asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kwa mwaka wa kwanza hiyo ni Sh milioni 15. Mapato yanayotozwa kodi yanakuwa Sh milioni 25.

Kwa kiwango cha kampuni cha asilimia 30, kodi ni Sh milioni 7.5. Mhitimu ambaye angepiga asilimia hiyo moja kwa moja juu ya faida ya vitabuni angeifanya kampuni ilipe Sh milioni 9. Tofauti ya Sh milioni 1.5 imetokana na lori moja na faini moja tu. Mwaka wa pili hali hugeuka, kwa sababu asilimia 37.5 hukatwa katika Sh milioni 25 zilizobaki, na uchakavu wa kikodi hushuka hadi Sh milioni 9.375. Asiyeelewa mwenendo huo hushangaa kodi ikipanda ilhali biashara haijakua.

VAT nayo ina somo lake. Kwa kiwango cha asilimia 18, duka likiuza bidhaa za Sh 1,000,000 hutoza kodi ya Sh 180,000. Kama bidhaa hizo zilinunuliwa kwa Sh 700,000, duka lilimlipa msambazaji kodi ya Sh 126,000. Kinachopelekwa serikalini ni tofauti, yaani Sh 54,000. Lakini haki ya kukata zile Sh 126,000 hutegemea stakabadhi halali ya kodi, na tangu mwaka 2010 hizo ni stakabadhi za mashine za kielektroniki, maarufu kama EFD. Bila karatasi hiyo, duka hulipa Sh 180,000 zote. Kwa hiyo somo la kodi si hesabu tu. Ni somo la nyaraka.

Mada nyingine zinazofundishwa katika fani hii ni kodi ya zuio, kodi katika mishahara, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya makampuni ya kimataifa na mikataba ya kuzuia mtu kutozwa kodi mara mbili. Mwanafunzi anayetarajia kufanya kazi Zanzibar anapaswa kukumbuka kuwa kodi ya mapato ni jambo la Muungano, ilhali Zanzibar ina sheria yake ya VAT na mamlaka yake ya mapato.

Sheria ya biashara: Mkataba na kampuni

Mwanafunzi wa uhasibu hukutana na sheria ya biashara kama somo moja au mawili. Mwanafunzi wa sheria huisoma kwa miaka, ikiwa imegawanyika katika sheria ya mikataba, mauzo ya bidhaa, uwakala, ubia, makampuni, benki na hati za malipo, bima, ufilisi na sheria ya kodi.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania ina asili ya kuvutia. Wakoloni wa Kiingereza walileta Tanganyika sheria ya India ya mwaka 1872, na ile iliyotungwa hapa mwaka 1961 ilifuata sura hiyo kwa karibu. Ndiyo maana wanafunzi wa Dar es Salaam husoma hukumu za mahakama za India pamoja na za Uingereza na za hapa nyumbani.

Katika sheria ya makampuni, hakuna mwanafunzi anayekwepa kesi ya Aron Salomon, inayotajwa kwa mwaka 1897. Salomon alikuwa mtengenezaji wa viatu jijini London. Aliigeuza biashara yake kuwa kampuni yenye wanahisa saba: yeye, mkewe na watoto wao watano. Sehemu ya bei ya biashara hiyo ikabaki kuwa deni ambalo kampuni ilimwekea dhamana yeye mwenyewe. Kampuni ilipoanguka, wadai wengine walilalamika kwamba Salomon na kampuni ni kitu kimoja. Baraza la Mabwana la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, lilikataa hoja hiyo na kusema kampuni iliyosajiliwa kihalali ni mtu mwingine, mbali na walioianzisha.

Kanuni hiyo ndiyo inayomlinda mwenye duka la Kariakoo nyumba yake isiuzwe kwa deni la kampuni. Hata hivyo ulinzi huo una mipaka. Sheria ya Usimamizi wa Kodi, katika mazingira fulani, humruhusu Kamishna kumfuata msimamizi wa kampuni kwa kodi ambayo kampuni haikulipa. Anayesoma sheria ya makampuni bila kodi hujifunza kanuni, lakini msamaha wa kanuni hiyo humpita.

Masomo matatu yanapokutana

Sasa tuirudie barua iliyoanzisha makala haya. Pingamizi huwasilishwa kwa Kamishna Mkuu wa TRA ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipomfikia mlipakodi. Ili lipokelewe, mlipakodi hutakiwa kulipa kiasi cha kodi asichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Akiwa na sababu za msingi, anaweza kumwomba Kamishna apunguze au aondoe sharti hilo.

Asiporidhika na uamuzi wa Kamishna, hukata rufani katika Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Huko juu kabisa, Mahakama husikiliza hoja za kisheria tu. Maana yake ni kwamba stakabadhi iliyosahauliwa katika hatua za chini haiwezi kuja kuokoa jahazi mwishoni. Ushahidi wa vitabu ulipaswa kuwekwa mezani mapema.

Hapo ndipo masomo haya hugeuka kuwa mzigo mmoja. Mhasibu asiyejua sheria hupeleka majedwali mazuri siku ya 31. Mwanasheria asiyejua uhasibu hupeleka pingamizi kwa wakati, lakini hawezi kueleza kwa nini uchakavu wa vitabuni unatofautiana na ule wa kikodi. Sheria inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa miaka 5, na sharti hilo dogo huamua mashauri mengi kuliko ufasaha wa wakili.

Aidha, kuna suala la lugha. Masomo haya hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mwenye duka huzungumza na kuandika Kiswahili. Mwaka 2021 marekebisho ya sheria yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Mhitimu asiyeweza kumweleza mteja wake mizania, zuio au pingamizi kwa lugha anayoielewa bado hajamaliza masomo, hata kama cheti anacho.

Vyuo na sifa za kujiunga

Kwa anayetaka uhasibu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa Shahada ya Biashara katika Uhasibu kupitia UDBS, na Chuo Kikuu Mzumbe kina Shahada ya Uhasibu na Fedha. IFM, kilichopo Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam, kinafundisha uhasibu na pia kodi. Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) ina makao makuu Kurasini na matawi mikoani, yakiwamo Mbeya, Singida, Mtwara, Mwanza na Kigoma. Chuo cha Uhasibu Arusha (IAA) kipo Njiro, na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanzishwa mwaka 1965, nacho kina programu za fani hii.

Kwa kodi na forodha, chuo mahususi ni Chuo cha Kodi (ITA), kilicho chini ya TRA, ambacho hutoa mafunzo kuanzia ngazi ya cheti hadi Shahada ya Usimamizi wa Forodha na Kodi. Kwa sheria, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mzumbe ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa shahada hiyo, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huwafaa walio kazini kwa kuwa wanasoma kwa masafa.

Waombaji wanapaswa kujua tofauti moja ya kiutawala. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ilhali taasisi kama IFM, TIA na IAA zimo chini ya baraza la taifa la elimu ya ufundi, NACTVET. Hilo halipunguzi uzito wa shahada. Huathiri zaidi mpangilio wa mtaala, ambao kwa taasisi hizo huegemea vitendo.

Sifa ya chini kwa mwenye kidato cha sita kwa kawaida ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Kila programu huweka masharti yake juu ya hapo. Tahasusi ya ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, ndiyo iliyo karibu zaidi na fani hii, lakini waliosoma EGM au HGE nao huingia. Kwa uhasibu, mara nyingi vyuo hudai ufaulu wa Hisabati katika kidato cha nne. Mwenye stashahada hutakiwa kuwa na wastani usiopungua 3.0.

Shahada si leseni

Siku ya mahafali, mhitimu wa uhasibu bado si mhasibu aliyeidhinishwa. Hadhi hiyo, CPA(T), hutolewa na NBAA kwa aliyefaulu mitihani yake, inayofanyika Mei na Novemba kila mwaka, na kutimiza masharti ya uzoefu wa kazi. Mwenye shahada ya uhasibu kwa kawaida husamehewa hatua ya awali, lakini hasamehewi hatua ya mwisho. Bila usajili huo, hawezi kusaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Hata ritani ya kodi ya kampuni hutakiwa iandaliwe au kuthibitishwa na mhasibu aliyeidhinishwa.

Mhitimu wa sheria naye si wakili. Tangu ilipoanza kupokea wanafunzi mwaka 2008 kwa sheria ya mwaka 2007, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, maarufu kama Law School, ndiyo njia ya kawaida ya kuuelekea uwakili. Anayetaka kuwa mshauri wa kodi anayetambulika hujisajili TRA.

Gharama ya hatua hizo huja wakati mhitimu hana kipato, na kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 2016. Wazazi wanaouza shamba au mifugo kulipia miaka mitatu ya chuo wanapaswa kuzijumlisha gharama za bodi tangu mwanzo, badala ya kuzikuta mwishoni kama ajali.

Kwa majirani, utaratibu unafanana. Nchini Kenya, mitihani ya CPA husimamiwa na KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969, na mawakili hupitia Shule ya Sheria ya Kenya. Uganda ina taasisi ya wahasibu iliyoundwa mwaka 1992, na wanasheria wake hupitia Law Development Centre mjini Kampala. Mwaka 2011 taasisi za wahasibu za Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambuana, jambo linalofanya CPA kuwa na thamani ng'ambo ya mpaka kuliko shahada peke yake.

Maswali kabla ya kuomba

Kabla ya kujaza fomu, mwombaji ajiulize mambo machache. Je, programu anayoitaka imeidhinishwa na TCU au NACTVET? Je, NBAA huwasamehe wahitimu wake hatua gani za mitihani? Je, mtaala una mihula mingapi ya kodi na mingapi ya sheria, au ni muhula mmoja kwa kila somo? Je, mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi na kwa muda gani? Majibu hupatikana katika kitabu cha mwongozo cha chuo husika, nayo yana uzito kuliko jina la chuo linalotamkwa kwa fahari mtaani.

Aliyekwisha kuanza masomo naye hajachelewa. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kuchagua somo la hiari la sheria ya kodi. Wa sheria anaweza kujifunza kusoma mizania kwa likizo moja tu, akianzia na vitabu vya duka la nyumbani kwao. Wote wawili wafungue Sheria ya Fedha kila Julai na kuangalia kilichobadilika.

Maana siku barua itakapofika dukani, mama mwenye duka hatauliza alama za muhula wa nne. Atauliza kama siku zimebaki ngapi, na kama stakabadhi alizozihifadhi katika boksi la viatu zinafaa kitu.